Prof na Namba Zake Sita

Mpaka leo nikiandika rotate kwenye ukurasa wa web, masikio yananiwaka kama mtoto aliyekamatwa mkono ukiwa ndani ya kopo la sukari. Hakuna anayeniona. Mteja anataka picha ya duka lake ilale upande kidogo, kompyuta inalo neno tayari kwa kazi hiyo, na kila mtengeneza kurasa duniani analitumia bila kufikiri. Lakini mimi nilifundishwa na Prof, na kwa Prof neno lile lilikuwa la wavivu. Yeye alitaka matrice. Namba sita ndani ya mabano, basi. Chochote unachotaka kukifanyia kisanduku cha picha au cha maandishi, kukigeuza, kukivuta, kukiinamisha, kukihamisha, kimo ndani ya zile sita.

"Rotate ni bukari ya restaurant," alikuwa akisema, bukari ndiyo ugali wetu. "Unakula, unaenda. Matrice njo bunga. Mwenye iko na bunga anapika yote yenye anataka."

Huku kwetu Likasi kila mwalimu wa sekondari anaitwa prof, hata yule wa gymnastique. Lakini katika mtaa wetu ukisema Prof bila kuongeza kitu, watu walijua unamtaja nani. Alifundisha hesabu miaka mingi, kisha akaacha chaki, akaweka kompyuta chache kuukuu katika salon, yaani sebule, ya nyumba yake na kuanza kutufundisha kutengeneza kurasa. Yeye mwenyewe alijifunza kwa hati za Kifaransa alizoletewa kutoka Lubumbashi kwenye clé USB. Alituhadithia kwamba siku aliyofika kwenye matrix, ndiyo matrice kwa lugha ya mashine, alifunga kompyuta, akatoka nje, akaizunguka nyumba yake yote kabla ya kurudi kukaa. Maisha yake yote alikuwa amezifundisha matrice ubaoni, na watoto walipomuuliza zinasaidia nini, hakuwa na jibu.

"Ilikuwa inaniletea haya," alituambia. "Mutoto anakuuliza, iyi kintu ni ya nini? Na weye, prof muzima, unamujibu: ni ya examen."

Sasa alikuwa na jibu, na alilitoa kwa yeyote aliyeketi katika salon ile. Alituita sote collègue, yaani mwenzake wa kazi, hata yule aliyekuwa bado anatafuta herufi moja moja kwa kidole. Akimaliza kuandika kwenye kibodi alikuwa anakung'uta vidole vyake, vya kushoto kwa vya kulia, akiondoa vumbi la chaki ambalo halikuwepo. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo mpaka shingoni, jua liwake lisiwake.

Namna yake ya kueleza ilikuwa ya mikono. Alikusanya madaftari yetu akayapanga kuwa rundo mezani, kisha akalisukuma rundo lile kwa kiganja, taratibu, mpaka likainama bila kuanguka. "Muangalie. Bulefu haibadilike. Chini haitoke pa fasi yake. Ni kichwa tu njo inaenda." Hiyo ilikuwa namba ya tatu kati ya sita, ile ya kuinamisha. Namba mbili za kwanza, alisema, zinauambia mguu uliolala, ndio upana, uende wapi. Mbili za katikati zinauambia mguu uliosimama, ndio urefu, uende wapi. Mbili za mwisho ni za kuhama nyumba, aliziita translation. "Na kama haukutaka kuhama, unaandika zero, zero. Usizirushe. Zero nayo iko na fasi yake ku meza."

Siku nyingine alitupeleka uani kutuonyesha kwamba kuzidisha matrice hakuna kupindua mpangilio. Mimi aliniambia nigeuke kushoto kisha nitembee. Mwenzangu alimwambia atembee kwanza, kisha ageuke. Tulianzia mahali pamoja, mlangoni mwa jiko. Mimi nilifika kwenye kamba ya nguo. Mwenzangu alijikuta mbele ya choo cha jirani, na jirani mwenyewe alikuwa ndio anatoka, anafunga mkanda. Tulitaka kucheka mpaka machozi yakatutoka, lakini tulimtazama Prof, tukameza. Yeye alimsalimia jirani kwa heshima zote, akamuuliza habari za watoto, akarudi kwetu akasema, "Donc, mumeona. Mpangilio ni kintu ya nguvu."

Maana Prof hakucheka, wala hakutaka mtu acheke mbele yake. Watu wa mtaani walisema alizaliwa bila dawa ya kicheko. Alikuwa na asili ya Kasai, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa bundu, ndiyo haya kwa lugha ya mama yake. "Muntu bila bundu, hata umupatie diplôme, ni bure." Mwanafunzi akikosea na mwingine akacheka, aliyekosea alirudi kukaa, na aliyecheka alipelekwa kwenye mashine kufanya zoezi lile lile huku sote tumesimama nyuma yake. Nimewahi kumwona kijana mkubwa mwenye ndevu akifuta na kuandika upya namba zile zile sita. Wazazi walipenda adabu hiyo. Walisema watoto wanaotoka kwa Prof wanajua kufunga mdomo.

Bundu aliyotudai sisi alijidai mwenyewe mara mbili. Hakuna aliyemwona akila. Courant ikikatika katikati ya somo, na huku umeme unakatika kwa zamu kama mvua, alisimama kutuomba msamaha kama ni yeye aliyeizima: "Munisamehe, bacollègue. Munisamehe sana." Shati likimpasuka mgongoni, alifundisha wiki nzima akiwa ameegemea ukuta. Na bado mtu huyo huyo, mwenye kupima kila kitu, saa yake ilichelewa daima, na ukimwambia alikujibu bila hata kuonyesha jino, "Saa yangu haina kosa. Iko na translation." Tuliyatoa yale maneno nje, tukafika njia panda, ndipo tukacheka.

Kitu kimoja katika kompyuta hakukisamehe kamwe, kwamba kwenye kioo namba zinakua zikishuka. Ubaoni, juu ni juu. Kwenye mashine, ukiongeza, kitu kinateremka. "Mwenye aliandika hivi hakupandaka mulima," alinung'unika. Lakini alitii. Alikuwa mtu wa kutii sheria alizozidharau.

Na hakugusa kibodi kabla ya karatasi. Kila kitu alikihesabu kwanza kwa penseli kwenye karatasi ya vimraba. "Machine iko ya kusikia, haiko ya kufikiri." Hapo ndipo palikuwa na mtego, na alituonya juu yake kila siku kabla ya zoezi. Katika shule zetu zote nusu inaandikwa sifuri, mkato tunaouita virgule, tano. Tumekua hivyo, tunasema hivyo, hata muuza nyanya anasema virgule. Lakini kwenye mashine virgule ni ukuta kati ya namba na namba, na nusu lazima iandikwe kwa nukta. Ukiweka virgule, mashine inaona sifuri peke yake na tano peke yake. "Virgule inabakia ku karatasi!" Prof alipiga meza. "Ku machine, point! Murudilie!" Nasi tulirudilia, watu wazima tuliolipa ada, tukiimba virgule na point kama watoto wa chekechea.

Papa, baba yangu, hakumpenda Prof. Papa ni mzee wa kanisa, mtu wa maombi marefu, na Prof alifundisha hata Jumapili alasiri. Walisalimiana juu ya ua kwa sababu watu wazima husalimiana. Aliyempenda ni Mama. Mama aliuza vitenge sokoni, na Prof ndiye aliyenisaidia kumtengenezea ukurasa wake, kila kitenge kimeinamishwa kidogo kwa namba zake kana kwamba kimetundikwa kwenye kamba na upepo unapita. Mama alifurahi hata akawa anampelekea karanga za kukaanga. Prof alizipokea kwa mikono miwili, akaziweka kabatini, na hatukuwahi kujua alizila saa ngapi.

Mama aliugua muda mfupi tu, akafa. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Wakati wa matanga Prof alikuja kila siku, akakaa nyuma kabisa, kwenye benchi la watu wasio ndugu. Siku moja alinifuata nilipokuwa nimeketi na wanawake kwenye mkeka, akainama ili asiongee kwa sauti. Ndugu zangu walioko mbali wasingeweza kufika wote, alisema. Angetengeneza ukurasa, wenye picha ya Mama na majina yetu na mpangilio wa maombi, ili wao wauone kwenye simu zao na sisi tuuone ukutani katika salle, ukumbi wa kanisa. Nilitaka kuinuka nimsaidie.

"Apana, collègue. Weye ulie. Iyi kazi ni yangu."

Alitaka picha ya Mama ifunguke ikiwa imeinama, kama Mama alivyokuwa akiinama kumsalimia mtoto wa mtu, kisha taratibu isimame wima na ikae hivyo. Hilo tu. Alilihesabu kwenye karatasi, kama kawaida yake: moja, sifuri, nusu, moja, sifuri, sifuri. Hesabu ilikuwa safi. Baadaye nilifungua faili lake, nikayasoma yaliyotokea kama mtu anayefuata nyayo kwenye tope. Prof, aliyekuwa hajalala tangu matanga yaanze, alinakili kutoka karatasini kama ilivyo, na virgule yake. Mkono uliandika nusu kwa namna ulivyoiandika ubaoni tangu ujana. Mashine ikaona namba saba badala ya sita, ikaweka alama nyekundu. Yeye akaona nyekundu tu. Akajua mashine inataka sita, akafuta sifuri ya mwisho, na wekundu ukaondoka. Zilizobaki zilikuwa moja, sifuri, sifuri, tano, moja, sifuri. Kwa Prof bado ilikuwa nusu ya kuinama. Kwa mashine, mguu uliosimama umeambiwa urefuke mara tano.

Ilikuwa mchana. Tulifunika madirisha ya salle kwa vitenge vya Mama mwenyewe ili pawe na giza, na tukatundika shuka jeupe mbele. Papa aliketi kwenye kiti cha mfiwa, amevaa nyeusi. Mchungaji alimaliza kuomba, akamfanyia Prof ishara, na Prof, aliyeketi mbele kwenye meza ya mashine, akagusa.

Mama alitokea ameanzia sakafuni amefika darini. Uso wake ulikuwa mrefu, pua ndefu, kidevu kimepita meza ya mchungaji, kitambaa cha kichwa kimepanda ukutani kikatoka nje ya shuka. Majina yetu sisi watoto wake hayakuonekana, wala jina lake mwenyewe, kwa sababu kitu kinachovutwa na matrice hakiwasogezi jirani zake, kinawakanyaga. Kisha, kwa sababu Prof alikuwa ameagiza picha isimame taratibu, Mama akaanza kushuka. Alishuka polepole sana, anafupika, anafupika, macho yake yanatutazama.

"Mama ya bitenge amekuwa cheminée!" mtoto mmoja akasema, yaani dohani ya kiwanda.

Mtu akatoa sauti puani. Sauti ile ikahamia benchi la pili, ikahamia la tatu, na wanawake wakajifunika nyuso kwa ncha za vitenge. Nilitamani ardhi ipasuke. Kuona haya kwa ajili ya maiti ni kitu kibaya kuliko kuona haya kwa ajili yako, maana maiti hawezi kuondoka. Nilimgeukia Prof. Alikuwa amelaza kichwa juu ya mikono yake mezani, mbele ya watu wote, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Papa naye aliona. Mfiwa haondoki kwenye kiti chake, hiyo ni desturi yetu, lakini Papa aliondoka. Alitembea mpaka mbele, akaweka mkono juu ya mgongo wa Prof, akauacha pale. Wanawake wakashusha vitenge nyusoni. Picha ilikuwa imeshafika kwenye urefu wake. Mwanamke mmoja akaanza kulia, kilio cha kweli, wote wakamfuata, na nadhani hapo ndipo hasa tulipomlilia Mama.

Tangu siku ile hakuna mtu wa familia yetu aliyeizungumzia picha. Watu walizungumzia machozi. Papa zaidi ya wote. "Muntu mwenye alilia bibi yangu vile, ni ndugu yangu," aliwaambia watu nyumbani. "Musiniletee maneno juu yake." Aliitoa ile habari kanisani kama ushuhuda, kwamba Mungu humtumia hata mtu usiyemtegemea, kwamba yeye Papa alimdharau jirani yake na jirani yake akamlilia mke wake kuliko ndugu wa damu. Alimtengea Prof nafasi kwenye benchi la mbele. Alimpelekea kuku. Akikutana naye njiani alimshika mkono, akaushikilia, akamwambia asante mbele ya wapita njia, Prof akitazama viatu vyake.

Na Prof akaanza kupungua. Kwanza alisema macho yanamsumbua, masomo yakawa siku chache. Kisha salon ikafungwa. Akimwona Papa mbali, alivuka barabara, yeye aliyekuwa anasimama kumsalimia hata mlevi. Kuna siku nilimkuta dukani, akatoka bila kuchukua sabuni aliyokuwa amekwisha kuiagiza. Tukasikia amehamia Kapolowe, ana shamba kule.

Mimi nilidhani najua. Nilidhani ni matrice. Nilidhani anaamini kwamba kichwa chake kimezeeka, kwamba kile kitu kimoja alichokijua maishani kilimtoroka mbele ya mtaa mzima, na kwamba mtu wa bundu kama yeye hawezi kuishi mahali alipoaibika. Nilijaribu kumweleza habari za virgule kabla hajahama. Akanieleza habari za mvua.

Mwaka huu Papa akasema wakati wa retrait de deuil umefika, ile siku ambayo familia inafunga matanga na mfiwa anavuliwa nguo nyeusi. Nguo ile huvuliwa na mtu anayestahili. Wajomba walitaka awe mmoja wao. Papa akakataa.

"Ni Prof njo atanivula. Yeye ama nabakia na nyeusi yangu."

"Papa, Prof hashike simu," nilimwambia.

"Basi wende umulete."

Nilifurahi kutumwa. Nilichukua laptop yangu na faili lile la zamani, nikapanda gari la kwenda Lubumbashi, nikashukia Kapolowe. Njia nzima nilikuwa naipanga hotuba yangu. Ningemwonyesha kwamba hesabu yake ilikuwa safi, kwamba kosa lilikuwa alama moja ndogo ambayo mkono wa mwalimu yeyote wa nchi hii ungeiandika, angecheka hata yeye, tungerudi wote nyumbani. Nilijiona nimebeba dawa.

Nilimkuta kwenye matuta ya vitunguu, kifua wazi. Aliponiona alikimbilia shati lake lililokuwa juu ya fito, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, ndipo akanisalimia.

"Collègue. Kwenu bazima?"

"Bazima, Prof. Papa anakuulizaka kila siku."

Alinitolea kiti, yeye akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Alikuwa amekonda. Nilimweleza habari za retrait, na kwamba Papa anamtaka yeye na si mwingine, kisha bila kungoja jibu nikafungua laptop magotini na kuanza hotuba yangu. Nilimwonyesha zile namba. Nilimwonyesha virgule. Nilisema matrice yake haikuwa na kosa lolote.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyosikilizwa mwanafunzi.

"Ile ya virgule niliijua siku ile ile," akasema. "Mbele bantu batoke mu salle, nilikuwa nimeisha kuiona."

"Sasa juu ya nini ulitukimbia?"

Alikung'uta vidole vyake.

"Banasemaka nililia."

"Ndiyo, Prof. Kila muntu aliona."

"Collègue, sikulia. Nilicheka."

Sikuelewa. Nilifikiri nimesikia vibaya, nikatabasamu kumpa nafasi ya kurekebisha.

"Nilicheka," akarudia. "Mama yako anashuka mu ile drap, kidogo kidogo, na minye kicheko inanikamata. Nikaficha kichwa. Haikuisha. Maisha yangu yote sikuchekaka muntu, njo ikuye siku ile, juu ya maiti, juu ya mama mwenye alinipatiaka karanga. Papa yako akanitia mukono mu mugongo. Anasema, ndugu, jikaze. Na minye nacheka bado, collègue. Mukono yake iko mu mugongo yangu, nacheka."

Nilifunga laptop. Niliona haya kwa ajili yake, nikaona haya kwa ajili ya Papa na ushuhuda wake kanisani, na wale waumini waliosema amina. Niliona haya kwa ajili ya kuku tuliompelekea. Kila asante yetu ilikuwa fimbo, na tulimpiga nayo barabarani, mbele ya watu, mpaka akahama mji.

"Haukumwambia?"

"Kila siku nilitaka. Lakini mbele nifungue kinywa, ye ameisha kunipa asante ingine."

Nilimwambia maneno ambayo mtu yeyote angeyasema. Kwamba yamepita, kwamba hakuna anayejua zaidi yetu wawili, kwamba aje tu amvue mzee nguo yake na mambo yaishe. Nilisema kicheko na kilio vyote ni uchungu. Nilisema kwa haraka sana, na yeye akaacha nimalize.

"Nimutoshe papa yako nyeusi na iyi mikono? Mbele ya Mungu na bantu? Na bundu yangu nitaiweka wapi?" Akasimama. "Umuite ku simu."

"Prof, usifanye vile."

"Umuite, collègue."

Nikapiga. Papa alishika mara moja, akauliza kama nimempata ndugu yake. Nikasema nimempata, nikatoa simu. Prof aliipokea kwa mikono miwili. Alisimama wima kando ya kinu, kama mbele ya inspecteur, akasema bila salamu wala kuzunguka: "Ndugu, siku ile ya bibi yako, mu salle, sikulia. Nilikuwa nacheka. Naomba unisamehe."

Akabaki ameishika simu sikioni. Kuku mmoja alipita kati yetu akiparua. Nilimtazama Prof usoni nikashindwa, nikatazama vitunguu. Nilijikuta naomba, mimi nisiye mtu wa maombi, kwamba Papa acheke, alie, atukane, lakini aseme kitu.

Papa akisema kwenye simu anapaza sauti kama yuko ng'ambo ya mto, hana namna nyingine. "Mupatie mutoto yangu simu," akasema.

Prof akanirudishia, kwa mikono miwili vile vile.

"Rudia ku nyumba," Papa akaniambia. "Rudia sasa hivi. Na jina ya ule muntu isiingie tena mu nyumba yangu." Akakata.

Nilibaki na simu sikioni baada ya kukatika, kwa sababu sikujua nitaushusha mkono kwa namna gani. Prof alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, mahali ambapo sauti ile inafika, amefunga vifungo vyote.

"Anasema nini?" akaniuliza.

"Anakusalimia, Prof."

Aliinamisha kichwa.

"Asante," akasema. "Na minye namusalimia."